Tukiwa makyureta watatu bei haigawanywi kwa tatu

Wiki iliyopita nimepigiwa tena, safari hii ni taasisi moja hapa Dar, wanataka sisi makyureta, yaani wapangaji na wasimamizi wa maonyesho ya sanaa, tuwaandalie onyesho la wasanii tisa, profoma wameipenda, wazo wamelipenda, ila "dada, hapa kwenye malipo ya makyureta mbona mmeandika watatu? Si mkiwa watatu kazi inakuwa ndogo? Tuwekee ya mmoja halafu mtagawana wenyewe." Aisee. Hii nimeisikia mpaka naiota, na wengine wananiongezea na methali juu, kidole kimoja hakivunji chawa, sawa kabisa, ila vidole vyote viwili vinakula.

Dhana: mkiwa wengi kazi inapungua, kwa hiyo bei ishuke

Haipungui. Wasanii tisa ni studio tisa za kutembelea, kila moja si chini ya mara mbili, na tukiwa watatu hatugawani tatu tatu kama mihogo, wote tunaingia humo humo maana huwezi kubishania kazi ambayo hujaiona kwa macho. Halafu jioni ndo tunabishana sasa. Maandishi ya ukutani, maneno 200 tu, mimi peke yangu nayamaliza asubuhi moja, sisi watatu yanatuchukua siku nne kwa sababu kila sentensi ina mtu anayeitetea na mtu anayetaka ifutwe. Unayelipa huoni hizo siku nne, unaona karatasi moja ukutani unasema mbona ni fupi.

Vinavyogawanyika vipo, sikatai. Mmoja wetu anashika usafiri, bima na kukagua kila kazi ikifika kama ina mchubuko kabla hatujasaini, mmoja anashika wasanii na mikataba yao, mimi maandishi na bajeti. Ila hizo kazi zilikuwepo siku zote, enzi zile nafanya peke yangu nilikuwa nazifanya saa saba usiku bure na ndiyo maana zilikuwa zinaharibika. Kwa hiyo ukiniambia "zamani ulikuwa unatosha mwenyewe" najua tu kwamba zamani hukunilipa.

Mnachonunua ni macho ya ziada. Mwaka juzi nilishapanga kazi moja ya khanga zilizopakwa rangi za mimea, nimeipa ukuta mzuri kuliko wote, mwenzangu akasimama pale saa kumi jioni akanyamaza tu, akaninyooshea dirisha la magharibi. Jua lilikuwa limelalia ukuta wote. Kwa wiki sita za onyesho zile rangi zingekuwa zimeshapauka na tungekuwa tunamlipa msanii fidia. Mimi ukuta ule nilikuwa nimeutembelea asubuhi tu.

Na hata wakubwa wanaokula bajeti za mamilioni ya euro kazi haikuwapungukia. Documenta ya 15, lile onyesho kubwa la sanaa la kila baada ya miaka mitano kule Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, walipewa ruangrupa, kikundi cha Jakarta kilichoanza mwaka 2000, na ndiyo mara ya kwanza kikundi kizima cha wasanii kupewa kuongoza onyesho lile tangu lianze 1955. Waliteuliwa Februari 2019 na milango ikafunguliwa Juni 2022, zaidi ya miaka mitatu. Wazo lao waliliita lumbung, yaani ghala la mpunga la kijiji, ziada mnaweka pamoja na mnaamua pamoja itumikeje. Kuamua pamoja maana yake vikao, na vikao vyao waliviita majelis, ndugu yake majilisi yetu, wote tumechota kwenye Kiarabu, na ukishakaa kikao kimoja cha namna ile kwa Zoom na watu wa mabara manne hutauliza tena kama bei inashuka. Na hao ruangrupa wenyewe ilibidi waongeze timu nyingine ya watu wa kuwasaidia! Faida ilionekana lakini. Wajukuu Art Project, kikundi cha wasanii kutoka Mukuru, Nairobi, walialikwa kama wenzao wa ghala, wakafunika mlango wa documenta Halle, mmoja wa kumbi za onyesho, kwa mabati ukawa kama pango unaloingia, na wakaondoka na tuzo ya Arnold Bode, yenye jina la mwanzilishi wa documenta, ya mwaka ule.

Dhana: hakuna bosi, kwa hiyo likiharibika hakuna wa kumshika

Watu wananitajia hiyo hiyo Kassel. Ni kweli, bango kubwa la Taring Padi, kikundi kingine cha Indonesia, la mwaka 2002 lilitundikwa uwanjani likiwa na michoro ya kuwadhalilisha Wayahudi, likafunikwa, kesho yake likashushwa, na mkurugenzi mkuu akaachia ngazi Julai. Kwangu hilo ni swali la nani aliiangalia kazi kwa karibu kabla haijapanda, na kyureta mmoja peke yake angeweza kulikosa vile vile. Dawa yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: kabla hamjafungua grupu la WhatsApp andikeni karatasi moja. Nani ana neno la mwisho kwenye kuchagua, nani anasaini na msanii, hela inaingia akaunti ya nani na kodi ya zuio inakatwa kwa jina la nani, mmoja akijitoa katikati anaondoka na nini. Kikundi changu cha kwanza hatukuandika, tulikuwa washkaji bana, na mpaka leo kuna mtu tukikutana kwenye ufunguzi anahamia upande wa vinywaji.

Dhana: kyureta wa kweli ni mmoja, mwenye jina

Okwui Enwezor, kyureta mzaliwa wa Nigeria, ndiye aliyeandikwa kila mahali kwa documenta ya 11, mwaka 2002, na anastahili, ila alikuwa na makyureta wenza sita. Wataje. Ndiyo hapo sasa.

Dhana: kyureta wa kujitegemea ni aliyekosa ajira

Kyureta Harald Szeemann aliacha ukurugenzi wa Kunsthalle Bern, ukumbi wa maonyesho ya sanaa kule Uswisi, mwaka 1969 akaanza kufanya kazi kivyake, miaka mitatu baadaye akaongoza documenta nzima. Basi.

Dhana: mambo ya vikundi ni ya Wazungu

Lubumbashi hapo, Kongo, wanaongea Kiswahili kama sisi, kikundi chao kinaitwa Picha, jina halihitaji hata kutafsiriwa, na bienale yao, onyesho la sanaa la kila miaka miwili, wameianzisha 2008 bila kusubiri wizara.

Dhana: mtagombana tu

Tunagombana, hiyo siyo dhana potofu. Onyesho la mwisho tuligombania mchoro mmoja, mimi nilitaka katikati yake iwe sentimita 150 kutoka sakafuni kama mingine, mwenzangu akasema huu mtoto amechorwa amekaa chini, ushushe, wa tatu kashika pimamaji hasemi kitu, fundi kashatoboa. Saa nne usiku tukaushusha sentimita nane. Tundu la juu bado liko pale nyuma ya fremu, mwenye ukumbi hajaligundua.