Mtoto wa mbwa anaharisha zuliani: si ukaidi, mlete leo

Mimi ni daktari wa wanyama. Watu wengi wanaofika mezani kwangu na mtoto wa mbwa huanza na malalamiko ya mafunzo: "Daktari, huyu hafundishiki." Kabla sijajibu huwa nampima kwanza, kwa sababu mara nyingi mno mbwa anayesemwa ni mkaidi ni mgonjwa wa siku tatu.

Kumfundisha kujisaidia nje maana yake nini?

Kumzoesha mahali pamoja na saa zilezile. Basi. Mtoe kila anapoamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla hajalala. Baada ya mlo usikawie, haja kubwa huja ndani ya nusu saa hivi. Mfunge kamba, mpeleke palepale pa jana, nyamaza, ngoja. Akimaliza msifu hapohapo, si mkisharudi ndani.

Ana miezi miwili na bado anakojoa ndani. Ana kasoro?

Hana. Kadiria saa moja ya kujizuia kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo wa miezi miwili hawezi kuzidi saa mbili. Ukimfungia tangu asubuhi hadi jioni, mwenye kasoro ni ratiba yako. Wengi hutulia wakiwa na miezi 4 hadi 6, wengine huchukua karibu mwaka.

Nimsugue pua kwenye uchafu wake ili akome?

Hapana. Haunganishi adhabu ya sasa na mkojo wa dakika kumi zilizopita. Anachojifunza ni kukuogopa, na kesho atakwenda kujisaidia nyuma ya kochi usipomwona.

Nimpunguzie maji ili asikojoe ovyo?

Usimnyime maji. Kuondoa bakuli saa moja kabla ya kulala, kwa mbwa mwenye afya aliyekunywa vizuri mchana, sina ugomvi nako. Ninaogombana nao ni wale wanaoficha bakuli kutwa nzima. Mtoto wa mbwa hukaukiwa upesi, na akianza kuharisha hali ameshanyimwa maji, mnamfikisha kwangu nusu ya safari ya kufa.

Alikuwa ameshazoea kutoka nje. Ghafla anaharisha zuliani. Amesahau mafunzo?

Hajasahau. Anaumwa. Kinyesi cha maji hakizuiliki, hata wewe hukizuii. Ukimchapa kwa hilo, unamchapa mgonjwa.

Labda amekula kitu tu. Si nisubiri siku mbili tatu?

Hapana. Kinachonitisha kwa mbwa wa umri huo ni parvo, ugonjwa wa virusi unaobabua utumbo na kuangusha chembe nyeupe za damu. Dalili huanza siku chache tu tangu aambukizwe: analegea, anakataa chakula, anatapika, kisha anaharisha kinyesi chenye damu na harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Wengi wanaokufa, hufa ndani ya siku mbili au tatu tangu dalili zianze. Hizo siku mbili tatu unazotaka kusubiri ndizo hizo hizo anazokufa.

Kwa kawaida hatuna dawa ya kuua virusi hivyo mwilini. Tunachofanya ni kumwekea dripu, kuzuia kutapika, kumkinga na bakteria na kumlisha kidogo kidogo mpaka utumbo upone. Waliowahi, wengi hupona. Wasiotibiwa, wengi hufa.

Lakini bado anachezacheza.

Asubuhi, ndiyo. Jioni je? Kama ni kinyesi laini mara moja, anakula, anakunywa na anaruka kama kawaida, pengine umembadilishia chakula ghafla. Piga simu ueleze, umwangalie kwa saa chache. Lakini akitapika, akikataa chakula, akilegea, au ukiona damu hata tone moja, usingoje kesho. Leo.

Damu kidogo si ni minyoo?

Inaweza kuwa minyoo, na inaweza kuwa parvo, na anaweza kuwa navyo vyote viwili. Huwezi kutofautisha kwa macho, wala mimi siwezi bila kipimo. Kumpa dawa ya minyoo ukakaa kuona kama itafanya kazi ni kusubiri kulekule kwa jina jingine.

Nina dawa ya binadamu ya kuzuia kuharisha nyumbani.

Iache kabatini. Na zile za maumivu ndio kabisa: ibuprofeni humharibu mbwa tumbo na figo.

Nitajuaje kwamba hali ni mbaya?

Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Pakiwa peupe, rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au ufizi ukinata kama gundi, amekaukiwa. Niliwahi kuletewa mmoja ndani ya taulo, siku ya nne. Ufizi ulikuwa mweupe kabla hata sijaubonyeza, na juu ya pua palikuwa na kinyesi kilichokauka. Sikuhitaji kuuliza kilifikaje pale. Mwenyewe alisema, "Tulidhani ni jeuri."

Ameshachanjwa mara moja. Si yuko salama?

Bado. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16 au zaidi, kwa sababu kinga aliyopewa na mama yake inaweza kuizima chanjo ya mapema. Kabla hajamaliza, mfundishie kwenye uwanja wako, si pale wanapopita mbwa usiowajua. Virusi hivi hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka.

Nisafishe na nini?

Mkojo wa kawaida, tumia sabuni yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja mkojo. Epuka yenye amonia, kwake inanuka kama mkojo na atarudi palepale. Kwa parvo, ondoa kinyesi kwanza, kisha pitisha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa 30 za maji, iache dakika kumi. Kinyesi cha uwanjani kiokote kila siku: mayai ya minyoo huhitaji wiki kadhaa kwenye udongo kabla ya kuweza kuambukiza, na mtoto wa binadamu anayecheza hapo akiyameza, mabuu yanaweza kufika hadi jichoni.

Nikimleta, nije vipi?

Piga simu ukiwa njiani useme anaharisha. Mbebe, usimshushe sakafuni wanapongoja wengine. Ikibidi subirini nje tutawafuata. Chukua kinyesi kidogo kwenye mfuko uliofungwa. Na ukiulizwa kimeanza lini, taja siku ya kwanza uliyopiga deki, si siku uliyoanza kuogopa.