Bibi anasahau: je, dawa ya Alzheimer imepatikana?

Bibi yetu yuko Tukuyu. Anauliza jambo lilelile mara kumi, juzi kapotea akitoka shambani. Si uzee tu?

Uzee huchelewesha kumbukumbu: jina la mtu linagoma asubuhi, linakuja jioni. Kupotea kwenye njia uliyoipita miaka arobaini ni jambo jingine. Wala hajarogwa, na naomba neno hilo lisitamkwe mbele yake. Huenda ni Alzheimer, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Protini iitwayo amiloidi hugandamana kati ya seli za ubongo, nyingine iitwayo tau hujisokota ndani yake, na seli hufa kidogo kidogo. Huanza miaka mingi kabla ya dalili.

Tumesikia Marekani wamepata dawa. Inaponya?

Haiponyi. Lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani Julai 2023, huondoa amiloidi. Ilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 1,800, wote wa hatua za mwanzo, kwa miezi 18. Waliopewa dawa nao waliendelea kushuka, ila kasi yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko ya wale waliotundikiwa dripu isiyo na dawa. Mwanzoni hutolewa kila baada ya wiki mbili, na ubongo hupigwa picha za MRI mara kwa mara kwa sababu dawa yenyewe inaweza kuuvimbisha au kuuvujisha damu. Donanemab, dawa nyingine ya aina hiyo, ilifuata Julai 2024. Kwangu hayo ni maendeleo ya kweli, kwa sababu watafiti walihangaika miongo mingi bila kuweza hata kuupunguza mwendo. Lakini aliyekwisha kuwasahau wanawe, dawa hizi si zake.

Basi tuuze ng'ombe tumpeleke nje?

Msiuze. Kwanza apimwe hapahapa, maana yapo magonjwa yanayofanana na Alzheimer na yanatibika. Nyanda zetu za juu zimesumbuliwa sana na upungufu wa madini joto, rovu mnalijua. Homoni ya tezi ya shingoni, ile inayovimba ikawa rovu, ikipungua, akili huwa nzito. Upungufu wa vitamini B12, VVU, kaswende na sonona navyo huharibu kumbukumbu. Tena mwulizeni kama alianguka: damu inaweza kuvilia ubongoni taratibu, dalili zikaonekana wiki kadhaa baadaye. Anzeni hospitali ya wilaya, na mbebe dawa zote anazotumia, za mitishamba pia. Ikihitajika, mtapewa rufaa kwenda Mbeya mjini.

Na vidonge, au ile unga ya kumbukumbu inayouzwa stendi?

Unga huo acheni. Donepezil, kidonge kinachotumika tangu 1996, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, bila kuuzuia ugonjwa.

Sisi watoto na wajukuu tutaurithi?

Si lazima. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yanayohusika na takriban asilimia 45 ya wagonjwa wa dementia duniani, yaani usahaulifu unaoletwa na Alzheimer na magonjwa mengine ya ubongo: shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, hata masikio yasiyosikia. Pimeni presha.

Anamwita babu, naye alishafariki. Tumjibuje?

Msimkumbushe msiba kila mara. Kwake unakuwa mpya kila mara. Mwulizeni babu alikuwa mtu wa namna gani, kisha mkae mumsikilize.