Kadi za Krismasi za kutengeneza kwa mkono: yanayosemwa na ukweli wake

Kuna maneno yanazunguka kuhusu kadi za mkono ambayo yanawakatisha watu tamaa hata kabla hawajaanza, na mengine yanawafanya wanunue vitu wasivyovihitaji, afu kadi ikitoka imechafuka mtu anasema mi sina mkono wa sanaa. Jamani hapana. Kadi ya muhuri na dai (kile kibamba cha chuma cha kukatia maumbo) ikiharibika, mara nyingi sana ni karatasi, wino na mgandamizo havijapatana, mkono wako hauna kosa. Nayapitia yale ninayoyasikia zaidi, na bora tuyaseme mapema kabla Desemba haijaingia na kila mtu akawa na haraka zake.

"Bila mashine ya umeme na kompyuta huwezi."

Hapa watu wanachanganya mashine mbili tofauti kabisa. Kuna zile za kompyuta kama Cricut, unachora kwenye kompyuta au simu, kisu kidogo kinafuata mchoro. Afu kuna za kuzungusha kwa mkono kama Big Shot ya Sizzix, ndani ina rola mbili tu, unaweka dai na karatasi katikati ya pleti mbili za plastiki, unazungusha mpini, imekata. Hiyo haitaki umeme, haitaki intaneti, umeme ukikatika unaendelea na kazi yako. Na dai kwa asiyezijua ni vile vibamba vyembamba vya chuma vyenye umbo la nyota, kengele, malaika, mti na kadhalika, upande mmoja una makali.

Na kuanza kabisa huhitaji hata hiyo. Muhuri mmoja, pedi moja ya wino, manila na mkasi mzuri, unatoa kadi za familia nzima. Tena mjini wapo mafundi wa mihuri, wale wanaochonga mihuri ya ofisi, wapelekee mchoro wako mweusi na mweupe usio na mistari myembamba sana, wanaweza kukuchongea nyota yako au neno "Krismasi Njema" kwa mwandiko wako mwenyewe. Ukichonga mwenyewe kwenye ufutio napo panatoka vizuri, ila herufi zichonge kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, la sivyo maandishi yatatoka yamegeuka.

"Dai ikigoma kukata, ongeza unene, bana zaidi."

Hili ndo linavunja mashine za watu. Kwanza hakikisha makali yameangalia karatasi, linaonekana jambo dogo lakini ndo la kwanza kuangalia. Pili angalia zile pleti za plastiki. Kila ukikata zinapata makovu, na ukitumia upande mmoja tu zinapinda kama upinde, zikishapinda mgandamizo hauwi sawa, kwa hiyo pembeni inakata katikati haikati. Zigeuze mara kwa mara, upande huu na ule. Kama kuna sehemu moja tu haijakatika chukua karatasi ya kawaida ya printa, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, moja tu, iweke juu ya pale palipogoma upitishe tena. Karatasi moja inatosha kubadilisha mambo. Ukirundika manila tatu nne kwa nguvu pleti itapasuka, na ukiulazimisha mpini unaumiza meno ya ndani ya mashine, na hapo sasa spea utaitafuta wapi.

Kwa dai zenye matundu mengi madogo, mfano zile nyota za nakshi, ziweke mshazari, zisiingie zimenyooka na rola, maana makali marefu yaliyonyooka yakikutana na rola kwa mpigo mashine inakwama. Pitisha kwenda na kurudi. Kati ya dai na karatasi weka kipande cha karatasi ya kuokea keki, ukimaliza umbo linatoka lenyewe bila kuchanika, yaliyobaki unayasukuma na sindano kupitia vitundu vya nyuma.

Swali la kitenge linakuja sana. Hizi dai nyembamba zimetengenezwa kwa karatasi, kitenge kitupu zinakitafuna tu. Zipo dai nene zenye sponji na wembe mrefu ndani, hizo zinakata kitambaa bila shida. Kama unayo nyembamba tu, kipige pasi kitenge, kibandike kwanza kwenye karatasi nyepesi kikauke kiwe kigumu, hapo una nafasi nzuri zaidi ya kukata vizuri, na kadi ya Krismasi yenye nyota ya kitenge inapendeza kweli.

"Wino ni wino."

Natamani hili lingefutika kabisa, kwa sababu hapa ndo kadi nyingi zinafia. Wino unakauka kwa namna tofauti. Ule mwepesi wa maji unanywewa na karatasi, unakauka haraka, mistari inatoka safi. Wa pigmenti ni mzito, unakaa juu ya karatasi, rangi yake imeshiba na haipauki haraka, lakini unachelewa kukauka, na sisi tulio pwani tunajua Desemba Dar au Mombasa hewa ina unyevu kiasi gani, utakuta saa zimepita na bado unachafua kidole. Wa pedi ya ofisi nao unategemea kunywewa na karatasi, kwa hiyo ukiugonga kwenye karatasi ya kung'aa hauna pa kuingia, utabaki mbichi ukingoja mkono wa mtu. Kwa karatasi za kung'aa kuna wino wake maalumu.

Ukitaka kupaka rangi juu ya mchoro uliogonga, ndo uwe makini zaidi. Unapaka rangi za maji? Wino uwe usioyeyuka kwenye maji. Unatumia kalamu za spiriti kama Copic? Wino uwe usioyeyuka kwenye spiriti. Ni vitu viwili tofauti, kuna wino unavumilia maji vizuri kabisa lakini ukiugusa na kalamu ya spiriti unasambaa mchoro wote. Gonga kwenye kipande cha mabaki, acha kikauke, pitisha rangi yako, ndo uende kwenye kadi.

Afu kuna yale maandishi ya dhahabu yaliyoinuka, ukipitisha kidole unayasikia. Watu wanadhani ni kalamu maalumu au glita. Ile ni poda. Unagonga kwa wino unaonata unaochelewa kukauka, wa pigmenti au ule usio na rangi kama VersaMark, unamwaga poda, unakung'uta, inabaki kwenye wino peke yake, afu unaipasha moto inayeyuka inakuwa kama plastiki laini inayong'aa. Na hapa kuna dhana nyingine, kwamba drayer ya nywele inatosha. Haitoshi, inapuliza sana na joto lake ni dogo, poda yote inaruka kabla haijayeyuka. Kinachotumika ni kile kifaa chenyewe cha hewa moto, upepo mdogo joto kali. Kabla ya kugonga paka karatasi unga kidogo wa talkamu au wanga wa mahindi (kornflawa) kwa pamba, poda isishike pasipotakiwa. Usiache moto sehemu moja muda mrefu, karatasi inajikunja na poda ikizidiwa na moto inafifia.

"Muhuri wa plastiki ukishakuwa wa njano umekufa."

Hapana. Ile mihuri inayoonyesha upande wa pili inabadilika rangi kwa wino na kwa jua, lakini kama haijawa migumu wala kupasuka inagonga vilevile. Iweke mbali na jua basi. Na muhuri mpya ukikataa kushika wino, wino unakaa kama matone, usiutupe, usugue taratibu na ufutio wa penseli afu ujaribu tena.

"Karatasi yoyote nene inafaa, na A2 ni A2."

Kwa mwili wa kadi, yaani ile inayokunjwa isimame, tafuta gramu 250 hadi 300. Na karatasi ina nyuzi, ambazo zimelala upande mmoja. Ipinde kidogo huku na huku bila kuivunja, upande unaopinda kwa urahisi ndo mkunjo wako ufuate huo, ukienda kinyume mkunjo unapasuka na kuonyesha weupe ndani, hasa manila za rangi nzito. Chora mfereji kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, afu kunja hivi kwamba mfereji ubaki nje na kile kivimbe kiwe ndani.

Sasa vipimo. Mafunzo mengi ni ya Marekani, na kadi yao wanayoiita A2 ni inchi 4 na robo kwa 5 na nusu, sawa na milimita 108 kwa 140. A2 yetu ya karatasi ni bango la milimita 420 kwa 594, hazina undugu. Kadi yetu ya kawaida ni A6, milimita 105 kwa 148, unaikata A4 nusu unakunja kila nusu, unapata kadi mbili bila hata kutupa kitu, na bahasha yake ni C6, 114 kwa 162. Ukifuata kipimo cha Marekani kwenye A4 unapata kadi moja tu, kwa sababu mbili zingetaka upana wa milimita 216 na A4 ina 210. Milimita 6 tu zinakula nusu ya manila zako! Kwa hiyo kabla ya kununua dai kubwa ya fremu, pima kama inaingia kwenye A6, nyingi za kule ni pana kidogo kuliko kadi yetu.

"Kadi ya Krismasi lazima iwe na theluji."

Hili linaniuma kidogo. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapwa na kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, Henry Cole aliiagiza na John Callcott Horsley akaichora, zikachapwa kama 1,000 na kupakwa rangi kwa mkono, moja shilingi moja ya wakati huo. Theluji haimo. Katikati kuna familia inanyanyua glasi za mvinyo, na hata mtoto ananyweshwa, jambo lililowaudhi wapinga pombe, na pembeni kuna watu wanalisha na kuvisha maskini. Yaani alichora Krismasi ya watu wake. Na sisi tuna yetu: ule mti wenye maua mekundu unaochanua mwisho wa mwaka ambao Tanzania wengi tunauita mkrismasi, maembe, ngalawa chini ya nyota, basi limejaa linapanda Moshi. Mihuri ya vitu hivi ni shida kuipata dukani, ndo maana nasema nendeni kwa fundi wa mihuri na mchoro wenu.

"Nimenunua muhuri, naufanyia nitakalo."

Kwa matumizi ya nyumbani sawa. Ukianza kuuza, soma masharti ya mtengenezaji. Kampuni nyingi zinaruhusu kuuza kadi ulizogonga kwa mkono mwenyewe, lakini haziruhusu uskani mchoro wao ukaenda kuprinti mia tano. Mchoro wako mwenyewe hauna kikwazo hicho, hiyo ni faida nyingine ya kuchora.

"Tagi ni mabaki tu."

Mabaki ndio, ila tagi ya zawadi inavutwa, inaning'inia, inapigwapigwa kwenye mfuko, kwa hiyo inataka ugumu. Bandika manila mbili pamoja. Gundi ya maji ipake kiasi, ukijaza karatasi inakunjamana. Tundu usilisogeze sana ukingoni, na libandikie kiduara kidogo juu yake lisichanike. Jina andika kabla hujafunga kamba.

Na ya kutuma kwa posta, sponji zinazoinua picha zinapendeza ila zinanenepesha. Mwenye ndugu Uingereza anayetuma kule kule ajue barua ya kawaida mwisho ni milimita 5 za unene, ikizidi inahesabiwa barua kubwa na bei inapanda. Bonyeza bahasha mezani, weka rula ubavuni, ikivuka toa sponji uweke gundi ya kawaida.