Kumvaa Fumo Liongo kwa ndara za ufukweni

Wateja wangu wa kosplei, mchezo wa kuvaa na kujifanya mhusika, hapa Amu (Lamu) huja na picha kwenye simu: mhusika wa anime, rangi ya nywele, mpaka idadi ya vifungo. Kazi yangu ni kufuata tu. Mwaka jana kijana mmoja wa mtaa wa Mkomani alikuja mikono mitupu. "Nataka niwe Fumo Liongo."

Picha ya shujaa huyo wa visa vya kale vya Waswahili? Hakuna aliyewahi kuipiga wala kuichora akiwa mbele yake. Nikaliziba pengo kwa kile ninachokijua zaidi: deraya.

Malighafi yangu ni ndara zinazotupwa na bahari. Nyingi ni za EVA, povu lile lile ambalo wenzetu hulinunua kwa shiti. Huku hakuna wa kukucheka ukiokota ndara. Mwaka 2018 lilishushwa majini jahazi la Flipflopi, la plastiki tupu, likavikwa ndara kama 30,000. Cha muhimu ni kuziosha kwa maji baridi ya kisima, tena na tena, kwani chumvi ikibaki gundi haishiki, na mchanga unakula makali ya kisu.

Nakshi niliichukua kwenye milango ya Siyu, mji wa kale kisiwani Pate: mikato ya pembe pembe, nyekundu na nyeusi. Kisu kinapita nusu ya unene, basi. Kisha unapuliza hewa moto, na mkato unafunguka wenyewe kama mdomo wa chaza huku uso wa povu ukijifunga na kung'aa. Ukitangulia moto kabla ya kisu, mistari inabaki myembamba na rangi inaimeza. Kuunganisha ni kwa gundi ya fundi viatu: paka pande zote mbili, ngoja mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukikosea mstari, umekosea. (Fanyia barazani, sio chumbani, harufu yake inalevya.) Mwisho gundi ya mbao iliyozimuliwa, mikono mitatu, la sivyo povu linakunywa rangi yote.

Deraya ilitoka nzuri, wallahi. Mzee jirani akaitazama sana.

"Mwanangu, ndia ya sindano i wapi?"

Nilikaa chini. Liongo hafi kwa mkuki wala mshale. Anakufa kwa sindano ya shaba ya kitovuni, mkononi mwa mwanawe. Nami nimemfunika kitovu kwa tabaka mbili za ndara!

Nikaikata yote. Shabiki akichora anaruhusiwa kubadili rangi, kitambaa, hata zama, lakini kile kinachobeba kisa hakiguswi. Muhammad Kijumwa, aliyetunga utendi wake wa Liongo mwaka 1913 hapa hapa Amu, naye alikikuta kisa kinasimuliwa, akakitia mkono wake. Na alikuwa mchonga milango pia, kwa hiyo nakshi sikuona aibu kuibakiza. Niliihamishia kwenye podo la mishale. Vipande vya deraya vikawa pingu, moja imekatwa kwa tupa, kama ile ambayo Liongo alifichiwa ndani ya mkate akiwa kifungoni.

Kifua wazi, kikoi, sindano ya waya wa shaba.

Picha tulipiga kisimani Shela alfajiri. Kijana alipiga goti, upinde umevutwa, macho hayapepesi, kama Liongo alivyokufa kisimani, watu wakidhani yu hai wakaogopa kuteka maji. Mama mmoja alikuja na ndoo, akasimama mbali. Akauliza kama tumemaliza.