Bwawa la Uhuru Park mnalisingizia

Juzi tena! Mama mmoja alikuwa akimvuta mwanawe kutoka ukingoni mwa bwawa la Uhuru Park: "Toka hapo, hayo maji ndiyo huzaa malaria." Kazi yangu ni kuchota viluwiluwi vya mbu kwa kata na kuvihesabu, na kauli hii imenichosha, hasa inapofuatwa na ile ya pili: "Si walikaushe tu?"

Kiluwiluwi hupumulia juu ya maji. Mawimbi yakimpiga, huzama. Tilapia akipita, humezwa. Maji mapana yenye upepo na samaki si mahali pa mbu kulelea.

Kesi iko kingoni. Vitabu husema tia samaki, basi. Mimi siamini hivyo tena, kwa sababu nimechota kwenye majani yaliyolalia maji, hatua mbili kutoka penye samaki walionenepa, nikapata viluwiluwi vya kila umri. Samaki hapenyi humo. Na Anopheles funestus, mbu mmoja wa malaria, hupenda hasa maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba bwawa halina hatia kabisa. Fyeka kingo, kila mara.

Lakini kulikausha! Anopheles gambiae, mbu mwingine wa malaria, hutafuta dimbwi dogo, la muda, lenye jua: alama ya kwato, mfereji wa gurudumu. Kausha bwawa, mvua inyeshe juu ya tope lililokanyagwa, utakuwa na madimbwi mia na samaki hakuna hata mmoja. Umemjengea nyumba. Bustani hii Wangari Maathai aliipigania mwaka 1989 isimezwe na jengo la ghorofa 60, nasi tuiharibu kwa kutomjua mbu?

Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na baridi yake huchelewesha vimelea vya malaria; wagonjwa wengi wa hapa huja nayo kutoka kanda ya Ziwa Victoria au Pwani. Anayekuimbia sikioni usiku aghalabu ni Culex, mbu asiyeeneza malaria, wa mitaro iliyoziba na mashimo ya vyoo.

Nilimwomba mama yule tutoke hadi kando ya barabara, palipotupwa tairi kuukuu lenye maji ya mvua. Nikachota mara moja, nikamshikisha mtoto kata. Alihesabu hadi ishirini na tatu, kisha vikamchanganya kwa kuchezacheza, akaanza upya.