Mitandao na misaada Goma: tunayoyaamini na yaliyo kweli

"Mitandao ya kijamii ni ya kuombea msaada tu." Haya nayasikia sana hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hata kwa vijana waliosoma, na yananiuma. Tuchukue OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, iliyoanza 2004. Tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010, watu wa kujitolea wa nchi za mbali walichora barabara na majengo ya Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia ramani hizo. Tangu 2014 mradi wa Missing Maps unafanya kazi ya namna hiyo hata kabla maafa hayajafika. Lakini anayechora akiwa London anaona paa tu. Hajui kama chini yake kuna kituo cha afya au ghala la maharage, wala kichochoro kinaitwaje, wala bomba lipi limekauka. Mama wa mtaa wa Majengo anajua, na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anajua. Basi tusiingie mitandaoni kama waombaji.

"Picha iliyosambaa sana ni ya kweli." Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu, ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Ile ya 22 Mei 2021 iliishia upande wa Buhene, kaskazini, karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo ukiona lava katikati ya mji na chini yake pameandikwa 2021, umedanganywa. Mfadhili aliyeko Ubelgiji atalijuaje hilo? Mtumie ujumbe wa sauti umweleze.

"Siku hizi kila mtu yuko mtandaoni." Hapana. Mega za intaneti zinanunuliwa, na kuchaji simu nako kunalipiwa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walitembea mitaani wakiandika maswali na uvumi wa wananchi. Familia ziliogopa kwamba maiti zao zinanyofolewa viungo. Baada ya kusikilizwa, ikaletwa mifuko ya kuzikia inayoonyesha ndani. Hofu ile ingeishia kwenye simu, nadhani ingeitwa uvumi na kufutwa.

"Onyesha mateso, msaada utakuja." Picha ya mtoto wa kambini itabaki mtandaoni hata akishakuwa mtu mzima. Muombe mzazi wake ruhusa, na umwambie itaonwa na nani. Tena katika eneo la vita, mwenye bunduki naye ana simu: kabla ya kupiga picha, zima kwanza huduma ya mahali, ile inayoandika kwenye picha pale ulipo.