Peoni haihitaji sisimizi ndo ifunguke

Mnaoishi Uingereza, Marekani au Kanada na mna kabustani, lazima mmeshaambiwa na jirani kwamba ua la peoni haliwezi kufunguka mpaka sisimizi walilambe. Hii stori ni ya zamani na watu wanaiamini kabisa, ila sio kweli. Kata tumba ambalo limeshaanza kuonyesha rangi na ukilibonyeza linabonyea kidogo, liweke ndani kwenye chombo cha maua chenye maji, litafunguka lenyewe bila mdudu hata mmoja.

Sisimizi wanafuata sukari tu. Vile vijani vya kijani vinavyofunika tumba vinatoa matone matamu, ukiangalia kwa karibu unayaona yanang'aa pembeni, wao wanakunywa na wakati huohuo wanafukuza wadudu wengine wanaokula maua, kwa hiyo jamani msiwapulizie dawa. Ukikata ya kuweka ndani, yatikise tu wadondoke.

Sasa kama peoni yako ina majani mazuri miaka na miaka ila maua hakuna, usitafute sisimizi, fukua kidogo uangalie mizizi. Mara nyingi imefukiwa chini mno, yale macho mekundu, yaani vichipukizi vilivyo juu ya mizizi, yanatakiwa yawe chini ya udongo sentimita 3 hadi 5 basi. Au iko kivulini, nayo inataka jua masaa 6 kwa siku. Kuihamisha subiri Septemba au Oktoba, na ikikauka yote juu msimu wa baridi usiing'oe, mizizi iko hai na hiyo baridi inaihitaji ili itoe maua.